Waridi la chungu limeota weupe: dawa ipi ununue, ipi uiache dukani

Kila baridi ya Juni hadi Agosti inapoingia Dodoma, wenye mawaridi madogo ya vyungu hulalamika vilevile: wamenunua dawa ya ukungu, wamepuliza na kurudia, na majani bado meupe. Kuna swali ambalo muuzaji haulizi: weupe uliobaki ni wa ugonjwa, au ni wa dawa yenyewe? Dawa nyingi za unga zikikauka huacha vumbi. Ukizichanganya na maji ya kisima yenye chumvichumvi, yale yanayoacha ukoko kwenye birika, jani hutoka jeupe kuliko mwanzo. Mtu anadhani ugonjwa umerudi, anapuliza tena, majani yanaungua. Kwa hiyo nazipanga dawa kwa kigezo hicho kwanza.

Ila usinunue chochote kabla ya kushika jani. Ubwiri unga, yaani ule ugonjwa wa kuvu unaoleta weupe, hufutika kwa kidole, huanza kwenye majani machanga na shingo za vitumba, na jani hujikunja likapiga rangi ya zambarau. Chumvi ya maji hukaa upande wa juu wa majani makubwa, madoa yake yana kingo, haitoki kwa kidole kikavu. Kitambaa chenye siki kidogo huitoa. Ukiona vinyuzi kama pamba kwenye makwapa ya majani, na sisimizi wanapandishana, hao ni wadudu: wafute kwa pamba yenye spiriti. Dawa ya ukungu haiwagusi.

1. Score 250 EC. Hii ndiyo ninayoipendelea, wala sifichi. Ni ya maji, inapenya ndani ya jani, haiachi unga. Kipimo ni mililita 0.5 kwa lita moja ya maji; nunua bomba la sindano la mililita 1 duka la dawa, kifuniko cha chupa hakiwezi kupima kiasi hicho. Lowesha majani juu na chini, rudia baada ya siku 10 hadi 14, kisha badilisha dawa, maana kuvu huizoea. Ukizidisha kipimo, matawi yanadumaa.

2. Salfa ya kuchanganya na maji, asilimia 80, mfano Thiovit Jet. Gramu 2 kwa lita, ukitikisa chupa muda wote. Kuvu haiizoei, ndiyo maana inafaa kupokezana na Score. Tatizo ni lilelile: huacha weupe wenye unjano, basi tumia maji ya mvua kama umekinga. Joto likipita nyuzi 30, kama Oktoba na Novemba, iache, inaunguza. Usiipulize ndani ya wiki mbili za dawa yoyote ya mafuta. Na salfa ya vumbi ya mikorosho si hii: inaelea juu ya maji na kuziba pua ya chupa.

3. Mafuta ya mwarobaini. Mililita 5 kwa lita, na matone ya sabuni ya maji. Yanasaidia ugonjwa ukiwa mchanga tu. Pulizia jioni.

4. Beking soda. Rahisi, lakini inaacha weupe, na sodiamu yake hujikusanya kwenye udongo wa chungu. Magadi ya sokoni usithubutu.

Kinachoudhi zaidi ni kaunta. Maduka ya pembejeo hapa yamezoea wakulima wa zabibu, na ukisema "ukungu" unapewa mankozebu, dawa nyingine ya ukungu, bila kuulizwa lolote. Mankozebu haiuwezi ubwiri unga, na inapaka majani vumbi la njano. Mwingine anakumiminia dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina jina, haina kipimo, haina tarehe, na bei ni ileile. Usipokee. Wenye vyungu vitatu tunalazimika kununua chupa ya kutosha shamba zima. Bora mgawane majirani, chupa ikibaki na lebo yake kwa mmoja wenu.

Baada ya kupuliza, usihukumu kwa majani ya zamani, madoa yake hayatoki. Funga uzi chini ya jani changa la mwisho la tawi. Majani yatakayochipua juu ya uzi yakiwa masafi kwa wiki mbili, acha kupuliza.