Nginx, Apache, Caddy na programu za mawingu mengi: ipi inalipa Arusha na Moshi

Kampuni ya utalii ya Arusha ina watumiaji wa namna mbili. Kuna wageni wa Ujerumani na Marekani wanaofungua tovuti kuangalia bei za Serengeti na Kilimanjaro, wengi wao huku kwetu ikiwa usiku. Halafu kuna wafanyakazi wa ofisini, Njiro au Moshi mjini, wanaoingia kwenye mfumo wa buking asubuhi kwa intaneti ileile ambayo jirani anaangalizia mpira. Muuzaji wa programu ya mawingu mengi, yaani ya kuunganisha mifumo iliyo kwa watoa huduma tofauti wa wingu kama AWS na Azure, akija na mchoro wake wenye mishale mingi, mwombe asubiri. Malalamiko mengi yanayosukuma biashara za hapa kununua programu hizo yanatibika kwenye faili la mipangilio la seva, bila leseni yoyote.

Nginx, Apache, LiteSpeed na Caddy ni programu za seva: zinapokea ombi la kivinjari na kurudisha ukurasa. Tuanze na Apache. Imekuwapo tangu 1995, mafundi wengi wa hosting wanaijua kwa moyo, na faili la `.htaccess` linamruhusu mwenye tovuti kubadili kanuni bila kugusa seva nzima. Udhaifu wake unaonekana ikiendeshwa kwa mtindo wa zamani, prefork pamoja na mod_php (PHP, lugha inayoendesha WordPress, ikiwa ndani ya Apache yenyewe), ambapo kila muunganisho unakalia mchakato wake. Kiwango cha awali cha `MaxRequestWorkers`, idadi ya juu ya michakato hiyo, ni 256. Mchakato mmoja wa WordPress ukila MB 50, hiyo ni takribani GB 13 za RAM kwenye mashine uliyokodi yenye GB 2. Siku tangazo lako likishika kasi, seva inaanza kutumia diski kama RAM, kisha inaganda. Ukibaki na Apache, hamia mtindo wa event, unaohudumia miunganisho mingi kwa michakato michache, na PHP-FPM, huduma inayoendesha PHP nje ya Apache. Sehemu zisizohitaji `.htaccess` ziwekee `AllowOverride None`, kwa sababu vinginevyo seva inalitafuta faili hilo kwenye kila folda kwa kila ombi.

Nginx, aliyoitoa Igor Sysoev mwaka 2004, ilijengwa kwa ajili ya tatizo hilohilo: miunganisho mingi, michakato michache. Kwa wateja wenye laini za polepole ina faida nyingine. Inapokea jibu lote kutoka PHP, inalihifadhi, na kumpelekea mteja kidogokidogo, huku PHP ikiwa huru kuhudumia mwingine. Kwa biashara nyingi za hapa, hii ya bure ndiyo chaguo letu la kwanza. Lakini ukiiacha kama ilivyokuja, itakuumiza sehemu mbili.

Ya kwanza ni nakala za pasipoti. Kila wakala anawaomba wageni nakala ya pasipoti, na picha ya simu ya siku hizi ni MB 3 hadi 6. Nginx hukataa chochote kinachozidi MB 1 na kurudisha kosa 413. Fundi anaongeza `client_max_body_size 20m;`, anajaribu, bado inagoma, na sasa hakuna hata kosa linaloonekana. Ni kwa sababu nyuma kuna mageti mengine mawili ya PHP: `upload_max_filesize`, ambayo ni 2M, na `post_max_size`, ambayo ni 8M. Lazima yote matatu yapandishwe, na `post_max_size` iwe kubwa kuliko `upload_max_filesize`, maana fomu moja inaweza kubeba pasipoti za familia nzima. Baada ya hapo anzisha upya PHP-FPM. Kuanzisha upya Nginx peke yake hakubadilishi kitu.

Ya pili ni makosa 502 na 504, ambayo wengi wanayachanganya. 502 maana yake Nginx imegonga mlango wa PHP na haikupata jibu la maana: huduma imelala, au njia ya soketi (faili ambalo Nginx na PHP huwasiliana kupitia) imebadilika baada ya kupandisha toleo la PHP. 504 maana yake mlango ulifunguliwa lakini jibu halikuja ndani ya sekunde 60. Chanzo cha kawaida ni `pm.max_children`, idadi ya juu ya michakato ya PHP, ambayo kwenye Debian na Ubuntu huja ikiwa 5. Maombi matano yakikwama yakisubiri jibu la mfumo wa malipo, la sita linapanga foleni. Hesabu yake ni rahisi: kwenye GB 2, toa MB 800 za hifadhidata na mfumo, gawa zilizobaki kwa MB 80 kwa mchakato, unapata 15. Kuongeza muda wa kusubiri hadi sekunde 300 kunaficha tatizo na kuirefusha foleni.

LiteSpeed tunaipa alama nzuri kwa WordPress, hasa OpenLiteSpeed ya bure pamoja na programu-jalizi yake ya kache, yaani nakala za kurasa zilizokwisha kutengenezwa. Ukurasa uliomo kwenye kache haugusi PHP kabisa. Tahadhari ni fomu. WordPress huweka kwenye fomu nyingi namba ya siri ya ulinzi inayoishi saa 24 kwa kiwango cha juu. Kurasa zikikaa kwenye kache wiki nzima, mgeni anajaza fomu ya kuulizia safari, anabonyeza tuma, na ombi linakataliwa kimyakimya. Ofisini wanadhani msimu umekuwa mbaya. Weka muda wa kache wa kurasa zenye fomu chini ya saa 10, na kurasa za malipo zitoe kabisa kwenye kache. Pia, OpenLiteSpeed inasoma kanuni za rewrite (za kubadili anwani za kurasa) tu ndani ya `.htaccess`, na mabadiliko hayashiki hadi uianzishe upya. Aliyezoea Apache hupoteza nusu siku hapo.

Caddy ni ya ofisi isiyo na fundi wa kudumu. Inaomba na kuhuisha vyeti vya HTTPS yenyewe, HTTP/3 inakuja ikiwa imewashwa, na tovuti nzima inaingia kwenye mistari michache:

```
safari.example {
    root * /srv/tovuti
    php_fastcgi unix//run/php/php-fpm.sock
    file_server
}
```

Kwa kiwango cha awali, vyeti vya Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya HTTPS vya bure, huishi siku 90, na tangu Juni 2025 hawatumi tena barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha. Kwenye Nginx, certbot, programu inayohuisha vyeti hivyo, ikikwama, utajulishwa na mteja aliyeona onyo jekundu, kwa hiyo Caddy inastahili sifa hapa. Inakwama pale seva ilipo ofisini nyuma ya laini isiyo na IP ya umma: uhakiki unahitaji poti 80 au 443 ifikike kutoka nje. Utalazimika kutumia uhakiki wa DNS (kuweka rekodi kwenye jina la tovuti), na hapo unahitaji Caddy iliyojengwa pamoja na moduli ya mtoa huduma wako wa DNS. Kosa jingine la kila siku ni kuweka Cloudflare, huduma inayokaa kati ya mgeni na seva yako, mbele katika hali ya Flexible. Cloudflare inakuja kwa HTTP, Caddy inaielekeza HTTPS, na kivinjari kinazunguka mpaka kikate tamaa. Weka Full (strict).

Ukishakuwa na seva mbili, linakuja swali la kugawa mzigo. Nginx ya bure inagundua seva iliyokufa kwa kumtoa mteja kafara: ombi likishindwa mara moja, seva hiyo inawekwa pembeni sekunde 10, kisha inajaribiwa tena kwa ombi la mteja mwingine. HAProxy, programu ya kugawa mzigo na ya bure pia, inapima yenyewe kila sekunde 2, inaitoa seva ikishindwa mara 3 na kuirudisha ikifaulu mara 2. Kwa kazi hii HAProxy inashinda bila ubishi. Nginx pia hutafsiri jina la seva ya nyuma kuwa IP wakati wa kuwaka tu. Wingu likibadilisha IP, inaendelea kupiga ile ya zamani. Tangu toleo 1.27.3 kigezo cha `resolve`, kinachotafsiri jina upya, kimo kwenye toleo la bure, kwa hiyo sababu moja ya kulipia NGINX Plus, toleo la kulipia, imepungua. Zilizobaki ni kama upimaji wa afya ya seva na dashibodi. Kumbuka pia kwamba kuanzia toleo R33, Plus inahitaji faili la leseni na inaripoti matumizi kwa F5, iliyoinunua NGINX mwaka 2019. Usakinishaji mpya usioweza kutoka kwenda intaneti unahitaji maandalizi ya ziada.

Sasa mawingu mengi. Yapo matabaka mawili, na wauzaji hawapendi kuyatenganisha. Tabaka la mtandao, mfano Aviatrix, linaunganisha mitandao yenyewe kwa mahandaki, yaani njia zilizosimbwa juu ya intaneti. Tabaka la programu, mfano F5 Distributed Cloud, iliyotokana na ununuzi wa Volterra mwaka 2021, au Consul na Istio kwa wanaotumia Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye makontena), linaunganisha huduma kwa huduma kupitia proksi, programu ya kati inayopokea na kupeleka maombi. Tofauti inaonekana pale anwani zinapogongana. Mtandao wa kwanza unaopewa na AWS ni 172.31.0.0/16 katika kila kanda na kila akaunti. Hoteli mbili zikiungana, kila moja na akaunti yake iliyoachwa hivyo, mitandao hiyo haiunganishwi moja kwa moja. Proksi haijali, kwa sababu muunganisho unaishia kwake na mpya unaanza upande wa pili.

Kwa biashara yenye seva moja Frankfurt na moja ofisini, WireGuard, programu ya handaki la VPN, inatosha na haina gharama ya leseni. Nyuma ya NAT (router inayogawia mashine nyingi IP moja) weka `PersistentKeepalive = 25`. Ukiona kurasa ndogo zinafunguka lakini ripoti kubwa ya PDF inaganda, usilaumu hifadhidata. Handaki lina MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya 1420, na paketi za 1500 zinapotea njiani kimya pale router inapozuia ICMP, ujumbe unaotoa taarifa kwamba paketi ni kubwa mno. Punguza MSS (data ndani ya kila paketi) kwenye firewall, tatizo linaisha.

Tabaka lolote utakalonunua haliondoi umbali. Ukiweka tovuti Frankfurt na hifadhidata Johannesburg, chukulia safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 160. Ukurasa wenye maulizo 40 yanayofuatana unasubiri sekunde 6.4 kabla ya kuandika herufi moja. Tovuti na hifadhidata yake vikae pamoja. Kinachovuka ni nakala rudufu na ujumbe.

Halafu bili. Kuingiza data wingu ni bure, kuitoa kunalipiwa. AWS inatoa GB 100 za kwanza kwa mwezi, kisha kanda nyingi za Ulaya ni dola 0.09 kwa GB, na Cape Town iko juu zaidi. Kampuni yenye video za wanyama kila ukurasa italiona hilo kabla ya leseni.

Na tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika kwa pamoja, kuwa na mawingu mawili ng'ambo hakukuongeza njia ya kutoka nchini. Kilichofaa ni laini ya pili inayopita kebo nyingine, na nakala ya ratiba za wageni kwenye mashine ya ofisini. Data inayobadilishana kati ya watoa huduma wa hapa inaweza kupitia kituo cha AIXP kilichopo Arusha, lakini ikiwa tu huduma unayoitafuta imehifadhiwa hapa nchini.

Kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Programu inayonakili pasipoti za wageni kwenye nchi tatu kwa kubonyeza kitufe inakuongezea mahali pa kutolea maelezo kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hospitali yenye matawi, benki, au kundi la hoteli lenye mifumo iliyokwisha kusambaa AWS na Azure, hao wana sababu ya kulipia tabaka la programu. Kabla ya kusaini, omba jaribio kwenye mfumo wako halisi: zima muunganisho wa wingu moja kwa dakika kumi mchana wa kazi, mtu mmoja awe anafanya buking na mwingine analipa, na muuzaji asiguse kibodi. Angalia kama malipo yamerekodiwa mara mbili. Kisha rudisha muunganisho na uhesabu muda hadi hifadhidata mbili zilingane, maana hapo ndipo mifumo mingi hukwama, na karatasi ya mauzo haipagusi.