Seti ya shada la Majilio: mishumaa mizuri, vishikio dhaifu

Seti hii ya kutengenezea shada la Majilio, kipindi cha Jumapili nne za kungojea Krismasi, niliyoinunua katika duka dogo la vitabu vya dini, ina duara la waya, mishumaa 3 ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi, ambao huwashwa Jumapili ya 3, ile ya furaha. Majani hayamo, hivyo tulikata matawi ya msonobari uani, kazi ambayo watoto waliifurahia kuliko nyingine zote. Vishikio vya bati, hata hivyo, ni vyepesi mno, na mshumaa mmoja uliinama kabla sala ya jioni haijaisha. Kijikaratasi cha maelezo nacho hakimtaji hata Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Hamburg, Ujerumani, ambaye mwaka 1839 alipanga mishumaa juu ya gurudumu ili watoto aliowalea wahesabu siku za kungojea Krismasi.