Kalamu yenye taa: miezi mitatu chini ya mto

Nianze na bei maana najua ndo mtauliza, elfu tatu na mia tano, Kariakoo, kwa wale vijana wanaotandaza vitu chini, jamaa alianzia elfu tano. Ni kalamu ya bluu ya kawaida, ila pale kwenye ncha ina balbu ndogo, unabonyeza kitako inawaka, inatumia zile betri za kidonge kama za saa, tatu.

Kilichonifanya niinunue ni kazi. Mi natunga majina ya kanga, yale maneno pale chini ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, na maneno matamu huwa hayanijii nikiwa mezani. Mezani yanakuja ya "hongera mwanangu" tu ambayo kila mtu anayo. Matamu yanakuja saa ya mang'amung'amu, hujalala hujaamka, unasikia kabisa panga boi linazunguka na huku unapiga stori na shangazi yako aliyefariki zamani, hapo ndo jina linashuka zima zima na vina vyake. Unajiambia hili haliwezi kunitoka. Asubuhi unakumbuka tu kwamba kulikuwa na kitu kizuri na ndani yake kulikuwa na neno mlango, basi.

Simu nilishajaribu, haifai. Mpaka uweke alama ya kidole, ikatae, uweke tena, ukute grupu la familia lina meseji 64, jina limeshaondoka. Kurekodi sauti nako asubuhi nasikia feni na mtu anayemumunya maneno kama ana kiporo cha ugali mdomoni, na huyo mtu ni mimi.

Sasa kalamu. Wiki ya kwanza niliipenda kweli. Ninalala ndani ya neti, kwa hiyo kila kitu lazima kiwe humo humo, kidaftari chini ya mto, kalamu nimeibana kwenye daftari, mkono unaenda wenyewe bila kufumbua macho. Shida ya kwanza ni hiyo taa. Ni nyeupe kali ya kuumiza macho, neti yote inang'aa kama kibanda cha chips, na ukishaamka hivyo kile kiusingizi ndo kimekwenda, umeandika mstari mmoja na wa pili umeukimbiza mwenyewe. Baba Zuu naye kwa upande wake, "Mama Zuu, hiyo taa ya nini saa hizi?" Nikajifunza kuizibia na kidole.

Shida ya pili ndo kubwa na hakuna anayekuambia dukani. Kalamu ya namna hii inategemea wino ushuke wenyewe. Ukilala chali ukaandika kwa juu, maneno mawili matatu yanatoka halafu inakauka, na we mwenyewe uko nusu huko nusu huku, hujui, unaendelea tu kuandika. Usiku mmoja kama saa tisa hivi nililala nikiwa na furaha kabisa kwamba nimepata jina la mwaka. Asubuhi nafungua daftari: "Mimi nalala na l". Mwisho. Nilitaka kulia.

Kuna mwanasayansi mmoja, Otto Loewi, alikuwa Graz kule Austria, naye mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliamka usiku akaandika wazo kwenye kikaratasi, asubuhi mwandiko wake mwenyewe ukamshinda kusoma. Siku nzima anahangaika nao. Usiku uliofuata saa tisa wazo likarudi, safari hii hakuandika kitu, aliinuka moja kwa moja maabara akafanya jaribio lake la mioyo ya vyura, akaonyesha mishipa ya fahamu inatuma ujumbe kwa kemikali. 1936 akapewa Nobel. Mi jina langu halikurudi, ila nikakumbuka kitu cha utotoni, nikachukua penseli ya Zuu nikapaka taratibu juu ya ule ukurasa, na mikwaruzo ya kalamu kavu ikajitokeza nyeupe: "Mimi nalala na langu, we wakesha na la nani?" Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni.

Nisidanganye lakini, si kila kitu cha usiku ni lulu. Ukurasa wa mbele yake umeandikwa vizuri kabisa, wino umekolea, "samaki wa jirani hapandi daladala." Sijui nilimaanisha nini na nililipigia mstari.

Baada ya hapo nikajaribu njia ya yule mchoraji Salvador Dalí, anakaa kwenye kiti na funguo mkononi, chini kuna sahani, akisinzia tu funguo inaanguka inamwamsha. Mi kijiko na sinia, Jumapili baada ya pilau. Inafanya kazi jamani, na unaamka ukiwa umekaa, kalamu inaandika vizuri. Wafaransa walilipima hili 2021, watu 103 walipewa mahesabu yenye njia ya mkato iliyofichwa, wakapumzishwa na kikombe mkononi. Waliopata japo sekunde 15 za kile kiusingizi cha juu juu, asilimia 83 waliigundua, waliobaki macho 30, waliozama zaidi 14 tu. Ila mama mkwe akiwa ndani usijaribu, sinia likilia anakuja mbio kuuliza umevunja nini.

Basi kalamu naipa nyota mbili kati ya tano. Moja ya taa ukiiziba na kidole, moja ya kubana vizuri kwenye daftari. Betri moja imeshakufa na mwanga umefifia, na kwa kweli sasa hivi ndo iko sawa. Usiku natumia penseli ya Zuu, mia mbili dukani kwa Mangi, inaandika hata ukilala chali, na kalamu kachukua yeye anatengenezea vivuli vya sungura ukutani umeme ukikatika.