NE5532: IC ya bei ya soda kwenye priampu ya santuri

Ningeambiwa nibaki na IC (saketi nzima iliyobanwa ndani ya kidude kimoja) moja tu kwenye kisanduku changu cha vipuri, ningebaki na NE5532. Ni kidude cheusi chenye miguu minane, na ndani yake mna opampu mbili, yaani saketi mbili za kukuza sauti, kwa hiyo chaneli ya kushoto na ya kulia zote zinaenea humo. Kariakoo nainunua kwa shilingi elfu moja na mia tano, ikipanda sana elfu mbili. Sisi wa Tanga tunaagiza, inakuja na basi. Muundo wake ni wa zamani, ulitoka Signetics ya Marekani, na meza nyingi za kuchanganyia sauti za miaka ya 1980 zilijaa hii au ndugu yake NE5534. Mpaka leo bado inatengenezwa, na sioni dalili ya kustaafu.

Kazi niliyoipa si ndogo. Nyumbani tuna santuri za taarabu za Black Star na Lucky Star, vilabu vya hapahapa kwetu Tanga, zilizotolewa na lebo ya Mzuri ya Mombasa. Mama anazipenda kuliko redio yoyote, na mimi nataka kuzihamishia kwenye kompyuta sindano isije ikazimaliza. Katriji ya sumaku, kile kichwa kinachobeba sindano, inatoa kama milivolti 5 tu. Priampu, yaani kikuzaji kinachotangulia amplifaya, inatakiwa iikuze sauti hiyo mara mia hivi kwenye hezi 1,000, na wakati huohuo irudishe besi iliyopunguzwa na kushusha sauti kali iliyoongezwa santuri ilipokatwa. Ndiyo mpangilio wa RIAA, kanuni ya kukata na kucheza santuri. Ukikuza mara mia, unakuza na uchafu wote uliomo njiani, na ule "shhh" unasikika vizuri kabisa kabla gitaa halijaingia na pale mwimbaji Shakila anapovuta pumzi.

Kwa karatasi ya mtengenezaji, kelele ya NE5532 ni nanovolti 5 kwa kila mzizi wa hezi (kuanzia hapa nikitaja kelele nitasema nanovolti au pikoampea tu). Ukiijumlisha kuanzia hezi 20 hadi 20,000 unapata kama maikrovolti 0.7, yaani sauti ya katriji inaizidi mara elfu saba. TL072, opampu nyingine ambayo mafundi wengi wanaikimbilia, karatasi zake za siku nyingi zinasema nanovolti 18. Kwa bei hiihii, sioni sababu ya kuiweka TL072 kwenye mlango wa santuri.

Lakini IC peke yake haileti utulivu. Kila rezista inapiga kelele yake kwa sababu ya joto tu, hata ingekuwa ya dhahabu. Rezista ya ohmu 1,000 inatoa nanovolti 4; ya ohmu 10,000 inafika karibu 13. Kuna michoro inayozunguka huko ambayo mguu wa kuingilia umewekewa rezista ya kilo-ohmu 10 mfululizo "kuilinda IC". Hapo umenunua IC tulivu halafu umeiziba mdomo kwa kelele mara mbili na nusu ya yake. Mimi rezista inayoshuka kwenye athi upande wa fidibeki (njia inayorudisha sehemu ya sauti iliyokuzwa kwenye mlango wa IC) naiweka ohmu 220, inatoa chini ya nanovolti 2, na nyingine zote nazikokotoa kuanzia hapo. Kapasita ya kuingilia nayo isiwe ndogo. Naweka maikrofaradi 22, maana ikiwa ndogo, kwenye besi IC haiioni tena katriji, inabaki inatazama rezista ya kilo-ohmu 47 inayowekwa mlangoni kama mzigo wa katriji, na mngurumo wa chini unaongezeka.

Umeme: transfoma ya 15-0-15, kisha 7815 na 7915, vidhibiti vya volti 15 chanya na hasi. Transfoma iwe kwenye kasha lake, mbali, waya tu ndio uingie kwenye priampu. Mvumo wa hezi 50 ukishaingia kwenye waya za katriji hakuna IC duniani itakayokusaidia. Na tafadhali, kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa 4 na wa 8, ikumbatie IC kabisa. Bila hiyo NE5532 inaweza kuanza kutetemeka kwenye masafa usiyoyasikia, ukaguse ukakuta inachemka.

Sasa suala la feki, ambalo ndilo linalonikera kwenye bidhaa hii. Duka moja liliniuzia kifurushi kizima, muuzaji akasisitiza, "Dada, hizi orijino, chukua uende." Maandishi yalikuwa meupe, mazuri, yamenyooka. Nilizipima palepale kaunta na hazikuwa NE5532. Kipimo ni rahisi na kila fundi anaweza kukifanya. Weka mita kwenye alama ya dayodi, ncha moja mguu wa 2, nyingine mguu wa 3. NE5532 halisi ina dayodi mbili sambamba, kila moja ikielekea upande wake, kati ya miguu hiyo, kwa hiyo mita inasoma kama volti 0.6 au 0.7. Geuza ncha, isome vilevile. Rudia mguu wa 5 na wa 6. TL072 au 4558 (opampu nyingine ya kawaida) iliyokwanguliwa jina ikaandikwa upya haina dayodi hizo, mita inakaa kimya. Ukifika nyumbani ipe umeme wa volti 15 pande zote mbili bila mzigo, upime mkondo. NE5532 inakula kama miliampea 8. Hao wengine kama 3 hivi. Muuzaji alipoona mita alinirudishia pesa bila maneno, na baada ya hapo nimekuwa nikinunua kwa mtu anayekubali nipime kwanza.

Kinachoninyima kutoa nyota tano ni kelele yake ya pili, ya mkondo, pikoampea 0.7. Katriji ni koili, na koili ya henri nusu ikifika hezi 10,000 inageuka kuwa kama ohmu 31,000. Ukiisambamba na ile kilo-ohmu 47, mkondo huo mdogo unazaa nanovolti 18, zaidi ya mara tatu ya ile 5 tunayojivunia. Ndiyo maana ukitaka kufika mwisho wa njia, mlango wa kwanza mpe NE5534A, moja kila chaneli. Mkondo wake ni pikoampea 0.4, kwa hiyo unabaki na 10 hivi. Usisahau tu kapasita ya pikofaradi 22 kati ya mguu wake wa 5 na wa 8, kwa sababu RIAA inaushusha ukuzaji kwenye sauti kali na bila hiyo haitulii. Kuna watu watakuambia tupa hizi zote nunua LM4562, opampu ya kisasa zaidi, ina nanovolti 2.7. Ni kweli, ni IC nzuri mno, ila mkondo wake ni pikoampea 1.6, na kwa katriji ya sumaku hizo zinakuwa nanovolti 42. Unalipa zaidi upate kelele zaidi.

Kwenye santuri za mama, NE5532 yenye rezista ndogo ilitosha. Sindano ikiwa hewani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, sikio karibu na spika, "shhh" ipo, nyembamba. Sindano ikigusa santuri, mikwaruzo ya miaka hamsini inaifunika yote. NE5534A nimeiweka kwenye priampu ya pili kwa ajili ya santuri chache ambazo hazijachezwa sana, na huko tofauti naisikia.

Nyota nne kwa santuri, kaseti na laini. Kwa maikrofoni natoa mbili. Maikrofoni ya dainamiki ya ohmu 200 yenyewe ina kelele isiyofika nanovolti 2, kwa hiyo hizi 5 zinatawala, na mahubiri au kaswida utakayorekodi kwa sauti ya chini itakuwa na pazia la "shhh" mbele yake. Huko weka INA217, au THAT1510 ukiipata, IC zilizotengenezwa kwa ajili ya maikrofoni. Bei inapanda mara kadhaa, na mpaka sasa madukani kwetu sijaziona, ni za kuagiza nje.