Kambale wa Sakafuni: Tathmini ya Duka la Samaki wa Mapambo Mtaani Bel-Air, Lubumbashi

Kwa miaka sita nimefuga samaki wa Ziwa Tanganyika katika akwariamu ya lita 240, na kwa muda wote huo sakafu yake haikuwa na mkaaji. Sikilidi, yaani samaki wangu hao wa Tanganyika, waliogelea juu na katikati, huku punje za chakula walizozikosa zikizama kati ya mawe na kuoza humo. Mwezi uliopita nilikwenda katika duka moja dogo la samaki wa mapambo mtaani Bel-Air kutafuta kambale wadogo wa kuishi chini. Naandika niliyoyakuta huko kwa sababu kosa la kuchagua kambale halionekani siku ya kununua. Huonekana baada ya mwaka au miwili, samaki akishakua.

Mwenye duka, mama wa makamo, hakukubali kuniuzia chochote kabla ya kuniuliza. "Papa, unieleze kwanza: nyumbani uko na samaki gani, na maji unatoa wapi?" Nilimjibu kwamba maji yetu ni ya kisima na huacha utando mweupe wa chokaa ndani ya birika, na kwamba baadhi ya sikilidi wangu ni wale wanaoatamia mayai mdomoni. Majibu hayo mawili yaliondoa nusu ya samaki waliokuwa dukani. Maji ya Tanganyika ni magumu, pH yake (kipimo cha uasidi wa maji) hukaribia 9, na joto lake ni kati ya nyuzi 24 na 27. Kisima chetu, kwa chokaa yake, kiko karibu na hali hiyo. Korido, kambale wadogo wa Amerika Kusini, ambao binti yangu aliwapenda mara tu alipowaona wakipekua mchanga kwa sharubu zao, huzoea maji laini zaidi, na tena ni wadogo mno kwa wenzao niliokuwa nao. Sikilidi mkubwa akijaribu kummeza mmoja wao, miiba ya mapezi hukwama kooni, na mara nyingi hufa wote wawili.

Tukabaki mbele ya matangi mawili ya gogogo, jina wanaloitwa samaki wa jenasi ya Synodontis kwa sababu ya sauti wanayoitoa wakitolewa majini. Tangi moja lilikuwa na Synodontis multipunctatus, la pili Synodontis petricola, na mtu asiye makini anaweza kuwachanganya, kwa kuwa wote wana madoa meusi mwilini na mapezi meusi yenye ukingo mweupe. Mama yule aliniomba nichuchumae ili niwatazame kutoka chini, jambo ambalo hakuna muuzaji mwingine aliyewahi kunifundisha. Tumbo la multipunctatus lilikuwa jeupe bila doa, na jicho lake kubwa kupita kiasi. Petricola alikuwa na madoa hadi tumboni, na jicho dogo zaidi.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mfugaji. Multipunctatus huwafanyia sikilidi ujanja ambao ndege wengine huwafanyia wenzao viotani: sikilidi jike anapotaga, gogogo hupita katikati, hula baadhi ya mayai na kuacha yake, na jike huyaokota yote mdomoni bila kutambua. Watoto wa gogogo huanguliwa mapema, kisha huwala watoto wa sikilidi humo humo kinywani mwa mama yao. Multipunctatus ndiye aliyekuwa wa bei ya juu katika duka lile, lakini mama aliniambia waziwazi nisimchukue ikiwa nataka sikilidi wangu wazaliane. Nilichukua petricola watano kwa dola nane kila mmoja, kwa maana hutulia zaidi wakiwa kundi. Nyumbani niligundua kwamba watatu wana kiraka cheupe kwenye shina la mapezi, dalili ya Synodontis lucipinnis, spishi iliyotambuliwa rasmi mwaka 2006 na ambayo huuzwa mara nyingi kwa jina la petricola. Kwa kuwa wote wawili ni wadogo na hupatana na samaki wale wale, sikuona haja ya kuwarudisha.

Kasoro nzito ya duka hili iko kwenye tangi la walamba vioo, kambale wanaokwangua mwani kwenye kioo. Kibandiko chake kina jina moja tu, ilhali ndani mna samaki wa jenasi mbili ambao wakiwa na urefu wa kidole hufanana sana. Ancistrus huishia sentimita 12 hadi 15; Pterygoplichthys hupita sentimita 30. Najua gharama ya kosa hilo, kwa sababu zamani, katika duka jingine, niliuziwa huyo wa pili kama samaki mdogo wa kusafisha kioo, na mwaka wa tatu alikuwa akiangusha mawe usiku na kuchafua maji kuliko wenzake wote. Njia ya kuwatenganisha ni kuhesabu vijiti vya pezi la mgongoni likiwa limekunjuliwa: Ancistrus ana kama saba au nane, Pterygoplichthys ana kumi na zaidi. Nilihesabu mbele ya mama, naye akaandika kwenye daftari lake.

Kufungasha kwake ni kwa ustadi. Hakutumia wavu, kwa kuwa miiba ya gogogo hunasa kwenye nyuzi. Aliwateka kwa jagi la plastiki, na mmoja akalia kwa mkwaruzo mfupi, mwiba wa kifuani ukisuguana na tundu lake. Mifuko ilikuwa miwili, mmoja ndani ya mwingine, na gazeti katikati. Alinionya pia nisitumie dawa yenye shaba, kwa sababu ngozi ya gogogo haina magamba. Sisi tunaoishi katika mji wa shaba huisahau hatari hiyo kwa urahisi.

Hata hivyo, hakuwa na chakula cha vidonge kinachozama, nami ilinibidi nikitafute mjini. Ni upungufu mkubwa kwa duka linalouza samaki wa chini, maana kambale hawashibi kwa mabaki. Ninawalisha baada ya kuzima taa, na sasa wote watano hutoka chini ya jiwe moja bapa mara tu giza linapoingia.

Mwezi ujao nitarudi kwa ajili ya wawili wengine, ila nitawachagua kwanza kwa sharubu: tangi lao dukani bado lina kokoto zenye ncha, na mmoja wa hawa wangu alifika na sharubu moja imelika hadi nusu.