Ndanda: safari hii nilikwenda kulala, si kulazwa

Kwetu kusini mwa Tanzania mtu akikuambia anakwenda Ndanda, unamuuliza kwanza, "Nani anaumwa?" Mimi mwenyewe nimefika pale mara nyingi, kila mara nikiwa na hotpoti ya uji mkononi, naelekea wodini. Mama alinizaa katika hospitali hiyohiyo ya Mtakatifu Benedikto. Abasia yenyewe, nyumba ya wamonaki (watawa wa kiume wa Kikatoliki) iliyo jirani na hospitali, nilikuwa naitazama kwa nje tu. Mwezi wa saba nikaamua kwenda kama mgeni, siku mbili, nilale kwenye nyumba yao ya wageni.

Nilipanda basi Mtwara mjini. Konda aliapa tunaondoka saa moja; tuling'oa nanga saa tatu kasoro, kwa hiyo kama una haraka toka mapema. Njia ni ile ya Mingoyo, Mtama, Nyangao, lami. Mikorosho ilikuwa inatoa maua na upepo wa dirishani ulileta harufu ya salfa, dawa inayopulizwa kwenye mikorosho.

Pale Nyangao usisinzie. Wabenedikti wa Mtakatifu Ottilien kutoka Ujerumani, shirika la wamonaki hawa wa Ndanda, walianzia hapo na Lukuledi, miaka ya 1890. Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani vilipowaka mwaka 1905 misheni hizo zilichomwa, na Sista Walburga Diepolder akafa katika shambulio la Nyangao. Mwaka huohuo Askofu Cassian Spiss aliuawa upande wa Liwale pamoja na wenzake wanne. Wazee wetu nao walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa, baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Nayataja yote mawili kwa sababu anayesikia upande mmoja bado hajasimuliwa. Ndanda ilianzishwa mwaka 1906, moshi wa vita haujatulia, chini ya mteremko wa uwanda wa Makonde ambako maji hayakauki.

Mapokezi nilikuta Bruda, yaani mmonaki asiye padre, mtu mzima. Mimi ni Mwislamu na nilikuwa nimejitanda, nikawa na wasiwasi kidogo. "Shikamoo Bruda." "Marahaba mwanangu, karibu nyumbani. Kuna chakula usichokula?" Hilo ndilo swali lake la kwanza, kabla hata ya jina langu. Jioni nikaletewa wali, kunde na samaki, na aliyeleta akaniambia samaki amekaangwa peke yake. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo wamonaki wameishi nayo tangu karne ya 6, inaagiza kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Nimelala hoteli nyingi kikazi. Sijawahi kuulizwa kwa upole kama ule.

Chumba kina kitanda, chandarua, meza na kiti. Kilinitosha kabisa.

Kilichonishika ni sala. Sikulazimishwa na mtu; niliuliza kama naweza kukaa nyuma, nikaambiwa popote. Wakati wa Masifu ya Jioni wamonaki wanaingia wawili wawili, wengi wao sasa ni Watanzania, wanagawanyika pande mbili wakitazamana. Upande mmoja unaimba ubeti wa zaburi, upande wa pili unaupokea. Na katikati ya kila mstari wananyamaza, wote kwa pamoja, kiasi cha pumzi moja, kisha wanamalizia. Mimi nimekulia kwenye maulidi, najua sauti za watu wengi zinavyokuwa sauti moja. Lakini watu wengi kunyamaza kwa pamoja vile, sikuwa nimewahi kukusikia. Nilirudi kila kengele ilipolia, isipokuwa ya alfajiri, ambayo ilinikuta kwenye mswala wangu. Tuliamka wote saa ileile.

Baada ya sala ya kumalizia siku hakuna maongezi. Simu yangu niliizima, na nashauri uizime.

Mchana wanafanya kazi, na kazi haifanywi kwa ajili ya kutazamwa. Ndanda ina karakana, ina shule, ina kiwanda cha uchapaji. Chukua kitabu cha sala cha Kikatoliki cha Kiswahili, uwezekano ni mkubwa utakuta chini ya jalada pameandikwa Ndanda–Peramiho. Hospitali imejengwa kwa mikono ya masista Wabenedikti wa Tutzing, akiwemo daktari Sista Thekla Stinnesbeck, aliyetibu wagonjwa wa ukoma wakati ambao ndugu zao wenyewe walikuwa wakiwakimbia. Nilisimama makaburini kwa muda mrefu. Misalaba inafanana, ya padre na ya bruda fundi.

Siku ya pili nikapanda mlimani na kijana mwenyeji hadi kwenye chemchemi na bwawa. Vaa viatu vya kufunga, njia inateleza. Maji ni baridi, yana kivuli cha miti mikubwa, na ukigeuka unaona mabati ya misheni yote chini yako. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walichagua mahali hapa.

Kwa anayetaka kwenda: piga simu kwanza, maana vikundi vya mafungo, watu wanaokuja kusali na kutafakari, hujaza vyumba. Vaa nguo ya heshima. Wanapoishi wamonaki haingii mgeni, usiombe kupelekwa. Usipige picha watu wakiwa katika sala. Anayetafuta muziki na nyama choma hatapafurahia, na afadhali alale Masasi mjini. Anayetaka kichwa kitulie, aende hata kama si Mkristo.

Nimeshaomba vyumba viwili kwa mwezi wa kumi na mbili. Kimoja ni cha mama, ambaye miaka yote hii hajawahi kuvuka ng'ambo ya wodi.