Kikombe cha kupima madawa kwenye mkojo: nimemtumilia mwanangu, haya ndio niliyoyaona

Kuna mzazi aliniuliza kwenye grupu la wasapu kama hivi vikombe vinafanya kazi, jibu likawa refu naandika hapa. Nilikinunua duka la dawa hapa hapa Mombasa, shilingi mia tisa, kile cha vidirisha sita, kila kidirisha kinapima dawa yake, sio kile kijikaratasi cha bangi peke yake. Mwanangu ana miaka 15, alikuwa usiku halali, chakula hataki, kila saa bigijii (chingamu) mdomoni, akili yangu ikaruka moja kwa moja kwenye unga, yaani heroini.

Kikombe chenyewe kizuri, mfuniko haumwagi, na ubavuni kina alama ya joto, mkojo uliotoka sasa hivi unasoma baina ya nyuzi 32 na 38, kwa hivyo akitia maji ya mfereji au akileta wa nduguye aliouficha tangu asubuhi utajua. Unangoja dakika 5 unasoma.

Balaa ni maelezo. Kizungu kitupu, na herufi ndogo kama chawa. Mimi nimezoea kipimo cha mimba na cha malaria, mistari miwili ujue mambo yashaharibika, sasa naona mistari miwili kila dirisha, bangi miwili, unga miwili, kokeni miwili, nikapiga ukelele mpaka jirani akagonga mlango. Mtoto akachukua karatasi akasoma, akaniambia "Mama, hapa wamesema miwili ni msafi, ukikosekana ule mstari ulioandikwa T ndio nimetumia." Kweli bwana! Tena hata ukiwa hafifu vipi, ukiuona tu hana kitu. Wangeandika hilo moja tu kwa Kiswahili wangeniepusha na aibu, maana msamaha niliomuomba siku ile sijawahi kumuomba mtu.

Haya, msafi, mbona usiku halali? Siku tatu baadae akanambia mwenyewe. Muguka, yale majani ya kulevya jamii ya miraa. Anatafuna na wenzake wakitoka tyushen, ule wa hamsini, na ile bigijii ni ya kuua uchungu. Na hicho kikombe cha mia tisa hakina dirisha la muguka wala miraa! Hapo ndipo nilipokasirika, si kwa mtoto, kwa kikombe, maana vijana wa huku wanaanza na muguka, upo kila kona, Mei 2024 gavana alitoa amri ya kuupiga marufuku Mombasa, Kilifi na Taita Taveta nao wakafuata, mahakama ya Embu ikaisimamisha ile amri, na vibanda viko pale pale. Tramadol nayo, ile dawa ya maumivu ambayo vijana hulewea, dirisha la unga haliioni, inataka lake peke yake. Gundi ya kunusa pia hakioni.

Bangi kinaikamata vizuri, ila jueni aliyevuta mara moja huisha baada ya siku chache na anaevuta kila siku yaweza kukaa hata mwezi, kwa hivyo "nimeacha wiki mbili mama" inaweza kuwa kweli na bado kikaonesha. Na dawa ya kifua yenye codeine inaweza kufanya dirisha la unga lioneshe ametumia, usimpige mtoto kabla hujaangalia alikunywa nini.

Nilipiga 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na madawa, ni bure, nikaongea na mama mmoja mpole sana, swali lake la kwanza lilikuwa kama nimeshakaa na mtoto tukazungumza. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshaenda duka la dawa.

Nyota tatu. Mbili nimetoa kwa ajili ya maelezo na muguka. Mwenye kujua duka linalouza chenye dirisha la tramadol anitajie, mie nimezunguka Mwembe Tayari mpaka Kongowea sijakiona.